Namnyaki Hakimbii

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba mstaafu ndiye anayehitaji kujua sasa ni saa ngapi. Nawashukuru, nimeitundika jikoni. Lakini mkaongeza na kazi: "Mama Ndeshi, tuandikie kidogo mlivyokuwa mkitengeneza vitabu zamani, sisi tuliokuja na kompyuta tujue." Mtu anastaafu ili apumzike, nyie mnampa kazi ya kwenda nayo nyumbani. Haya. Nimekubali, ila vyeo sitaviandika, na mishahara ndiyo kabisa, maana sipendi kulia nikiwa nimeshiba. Nitawaandikia habari ya kitabu kimoja na kosa moja. Kosa lilikuwa langu.

Niliingia kazini miaka ile soko huria linaanza, mitumba imejaa sokoni, na kila mwenye taipureta na stuli mbili anasajili kampuni. Ya kwetu ilikuwa na taipureta tatu, kwa hiyo tulijiona wakubwa. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili upande wa Themi, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ngazi zilikuwa thelathini na moja, na magoti yangu yanazikumbuka hadi leo. Vumbi la saruji lilipanda nasi kila asubuhi. Mwandishi akija kuulizia mswada wake, ilibidi kwanza tuupanguse ndipo tumwambie bado tunausoma.

Siku ya kwanza nilivaa gauni la kanisani. Nikaonyeshwa meza, rula ya mti, kalamu nyekundu, na Mzee Zakaria. Mzee Zakaria alikuwa msahihishaji, amezeekea kwenye uchapaji wa misheni kabla ya kuja kwetu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama, akanisogezea prufu, zile kurasa za majaribio kabla kitabu hakijachapwa. Zamani prufu zilisomwa na watu wawili. Mmoja anashika mswada na kusoma kwa sauti, kila kitu, hadi alama. Mwingine anafuata kwenye prufu kwa rula, mstari kwa mstari. Basi nikaanza: "Juma alisema, mkato, fungua semi, mama, mshangao, nyoka, mshangao, funga semi." Nilisoma kwa moyo wote, nyoka nikamtamka kwa hofu kabisa.

Mzee Zakaria akashusha rula.

"Binti, nani kakwambia uigize? Hapa siyo kwaya."

"Samahani, Mzee."

"Usiisome hadithi. Ukiisoma utaipenda, na ukiipenda huoni kosa. Hadithi ni ya mnunuzi. Wewe soma herufi."

Nikajifunza kusoma herufi. Nilijifunza vizuri mno, kama mtakavyoona. Hadi leo nikipita mbele ya bucha naanza kuona kilichokosewa kwenye bango kabla sijaona nyama.

Mwenye kampuni alikuwa Mzee Aminieli, Mmachame, Mlutheri wa kuamka na tenzi za rohoni, mkarimu, mwoga wa mambo mawili tu: ugomvi na vitabu visivyonunuliwa. Kwa sababu ya mambo hayo mawili alibandika karatasi juu ya meza yangu, imepigwa taipu kwa herufi kubwa: MAJINA YA WAHUSIKA. Wavulana: Juma, Musa, Ali, Hamisi, Baraka. Wasichana: Asha, Rehema, Tatu, Zuhura, Neema. Basi. Mwandishi aweza kuwa ametoka Bukoba au Tunduru, ameandika ukoo wake hadi babu wa saba, lakini akifika kwenye meza yangu watu wake wote wanabatizwa upya. Kijiji chao kiliitwa Furaha, au Umoja. Mama alipika, baba akaenda shamba, na mtoto alikuwa mzima wa viungo vyote, mpole, hana hata chunjua. Mwaka mmoja tulitoa hadithi tatu za vijana, na katika zote tatu Juma aliongoza darasa.

Msimcheke mapema. Mzee alikuwa na sababu zake, na siku moja alinieleza akiwa amesimama dirishani.

"Mama Ndeshi, tumehangaika miaka yote hii tuwe taifa moja. Nikichapa kitabu cha Mmeru, kesho Msukuma ataniuliza cha kwake kiko wapi. Juma hana kwao. Ndiyo maana ninampenda."

"Lakini Mzee, kila mtu ana kwao."

"Dukani hana. Mwenye duka kule Mtwara akiona jina linalompinda ulimi, anakirudisha kitabu na kuagiza madaftari."

Nami nilikubali. Niseme ukweli, sikupigana. Nilikuwa na kalamu nyekundu, nilikuwa na orodha, na nyumbani nilikuwa na mtoto mchanga. Nikabatiza.

Ndipo ukaja mswada kutoka Nkoaranga, umeandikwa kwa mkono kwenye madaftari manne ya mistari, yamefungwa kwa kamba ya katani. Mwandishi alijitambulisha kwa barua kuwa ni Mwalimu Frida, anafundisha darasa la saba katika shule ya msingi huko juu mlimani. Hatukuwahi kumwona. Niliyafungua madaftari nikiwa nakunywa chai, na chai ikapoa.

Mhusika wake alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, anaitwa Namnyaki. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepooza kwa polio tangu utotoni, akitembea kwa fimbo, na mdomo wake pilipili. Shuleni kwao wanafunzi wanachuma kahawa na kuianika kwenye vichanja. Kahawa inaibwa, haijulikani nani. Siku moja nyasi za nyuma ya shule zinashika moto, watoto na walimu wote wanakimbia kuuzima. Namnyaki hawezi kukimbia, anabaki peke yake uwanjani. Basi ndiye anayemwona mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee wa kanisa, suti na tai, anajaza kahawa kwenye gunia. Moto ameuwasha yeye. Akitaka kupita na gunia lake, Namnyaki anampitishia fimbo katikati ya miguu, na mwenyekiti anakwenda chini na suti yake. Nilicheka mpaka Mzee Zakaria akanitazama juu ya miwani. Aliona wazi kwamba nasoma hadithi.

Mzee Aminieli aliusoma kwa siku mbili, akaurudisha na maneno mawili pembeni. Penye jina: *ukabila*. Penye mguu: *huzuni*.

"Hadithi nzuri sana," alisema. "Muite Asha. Na umponye."

"Nimponye?"

"Vijana wanataka shujaa mzima. Nani atatamani kuwa mlemavu?"

"Mzee, akipona atakimbia kuzima moto na wenzake. Mwizi ataonwa na nani?"

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri, siyo wa kukurupuka, ndiyo maana makosa yake yalikuwa yamekamilika.

"Mpe mwiba," akasema.

"Mwiba?"

"Amechomwa na mwiba mguuni. Siku hiyo tu hawezi kukimbia, kesho yake amepona, tunafunga na wimbo."

Nikaanza kazi. Sasa ninyi mnaofikiri kuhariri ni kubonyeza na kubadilisha jina mara moja kote, nisikilizeni. Mguu ule haukuwa kwenye sura moja. Namnyaki alichelewa gwaride sura ya kwanza kwa sababu ya mguu. Alitaniwa kisimani sura ya tatu. Sura ya sita alishinda mdahalo akiwa ameegemea fimbo. Kila nilipofika nilikuta mguu unanisubiri, na mimi dawa yangu ilikuwa moja tu, mwiba. Nikaweka mwiba sura ya kwanza. Nikauweka tena ya tatu. Sura ya sita nikaandika kwamba mwiba "ulikuwa bado unamsumbua kidogo."

Prufu zikaja, tukaketi na Mzee Zakaria, mimi nikisoma, yeye na rula yake. Mzee yule katika miaka yake yote hakuwahi kusema neno juu ya hadithi. Tulipofika sura ya tisa, nikasoma, "Asha alichechemea, mkato, kwani ule mwiba," rula ikaanguka mezani, paa!

"Huyu mtoto hana wazazi?"

"Mzee?"

"Mwiba sura ya kwanza, mwiba sura ya tisa! Muhula mzima! Hapo Nkoaranga kuna hospitali, wampeleke! Mguu si umeshaoza huo?"

Nilicheka hadi machozi, na nilikuwa nimeshaanza kuona aibu. Mzee Aminieli alisikia kutoka chumba cha pili, akafunga mlango wake taratibu.

Kwa heshima tulikuwa tukimpelekea mwandishi nakala ya mabadiliko kabla ya kuchapa. Tulimtumia Mwalimu Frida yake kwa posta. Haikupita wiki mbili nikasikia kitu kikigonga ngazi. Mguu, kisha kigongo, kisha kimya kidogo. Mguu, kigongo, kimya. Ngazi thelathini na moja. Nilijua ni nani kabla hajafika, na nilitamani zile ngazi ziwe mia.

Aliingia mama wa makamo yangu, kitenge kizuri, jasho usoni, mkono wa kulia ameshika fimbo ya mti mweusi uliong'arishwa. Mguu wake wa kushoto aliuvuta nyuma. Mzee Aminieli alitoka chumbani ametanguliza tabasamu lake la kukaribisha waandishi, akaiona fimbo, tabasamu likamfia.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, marahaba mwanangu. Karibu. Pole na ngazi."

"Ngazi nimezizoea. Nimekuja kumwona huyu Asha wenu mwenye mwiba."

Nilimvutia kiti, akakaa, akatoa ile nakala yetu kwenye mkoba na kuiweka mezani.

"Mzee, mimi sikuja kugombana," alisema. "Ninafundisha darasa la saba, kila mwaka nawasomea vitabu vyenu. Wanavipenda. Wanavipenda kama watu wanavyopenda habari za mbali. Kila mwaka yupo mtoto mmoja ananiuliza, mwalimu, huyu Juma anakaa wapi? Mwaka huu nimewaambia nimeandika kitabu. Nimewaahidi kwamba yumo msichana anayetembea kama mwalimu wao. Sasa nikiwapelekea Asha na mwiba wake, watajua nimedanganya. Au watajua kwamba mtu kama mimi, hata kwenye kitabu alichokiandika mwenyewe, hatakiwi." Hapo akaisukuma ile nakala upande wetu. "Kama ni hivyo, naomba madaftari yangu."

Mzee Aminieli akaanza kumweleza habari ya taifa moja. Alieleza vizuri, kwa upole, akafika hata Mtwara. Mwalimu Frida alimsikiliza hadi mwisho, kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi asiyesoma somo lake.

"Nimekuelewa Mzee. Naomba niulize swali moja tu. Watoto wako wanaitwaje?"

"Wangu mimi?"

"Ndiyo."

Mzee akakohoa. "Wa kwanza ni Ndelilio. Anafuata Aikaeli. Halafu Ndekusara. Kitindamimba ni Elifuraha."

"Na Juma ni wa ngapi?"

Mzee Zakaria ndiye aliyeanza. Nilimsikia akikoroma puani, nikadhani amepaliwa, kumbe anacheka. Nami nikashindwa kujizuia. Mzee Aminieli alitutazama wote watatu, akaitazama orodha yake ukutani, na mwisho, Mungu amrehemu popote alipo, akacheka na yeye. Orodha hakuibandua siku ile. Lakini alisema, "Haya. Jina libaki na mguu ubaki. Vitabu visiponunuliwa, Mwalimu, utakuja kunisaidia kuvitafuna."

Mwalimu Frida alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilijiona nimeshinda mimi, ingawa kwa haki nilikuwa sijafanya lolote zaidi ya kucheka. Nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, mwiba mmoja baada ya mwingine nikaung'oa, na tukasoma prufu upya kwa furaha. Laiti hadithi ingeishia hapo.

Sasa niwaambie habari ya majalada, maana hili hamlijui. Mchoraji wetu aliitwa Kalisti, Mrombo, mkono mwepesi sana. Asubuhi alichora pundamilia kwenye milango ya magari ya watalii, mchana akachora kwetu. Mchoraji hakupewa mswada. Angeusoma saa ngapi? Alipewa kikaratasi chenye maelezo, naye akachora kwa kikaratasi. Vikaratasi hivyo niliandika mimi. Kile cha kitabu hiki niliandika haraka, simu inalia: *Msichana miaka 13, sare ya shule, vichanja vya kahawa, mlima nyuma, mwizi na gunia, hali ya msisimko.*

Pitisheni macho yenu hapo tena. Fimbo iko wapi? Mguu uko wapi? Mimi niliyechoma mwiba kwa mkono wangu na kuung'oa kwa mkono wangu, sikuandika.

Jalada likaletwa kwa ajili ya kupitishwa. Nikachukua rula. Nikasoma jina la kitabu, herufi kwa herufi. Nikasoma jina la mwandishi. Nikasoma maneno ya nyuma, nikakuta nukta imesahaulika, nikairudisha nikijisifu. Nikatia sahihi, jalada likaenda kiwandani. Picha nisingeweza kuwaambia hata ilikuwa na rangi gani. Picha haikuwa na herufi.

Vitabu vilipofika kwa lori, nilikuwa wa kwanza kufungua bunda. Mzee Zakaria alinusa ukurasa, ndivyo alivyokuwa akisifu. Niliomba ruhusa niwapelekee wenyewe Nkoaranga, nakala za darasa zima, Mzee Aminieli akanipa gari la kampuni hadi pale linapoweza kufika. Kutoka hapo ni mguu, njia imesimama kama ngazi ya nyumba, migomba huku, kahawa huku. Vijana wawili wa shule walinibebea maboksi na kunipita kana kwamba wanashuka. Nilifika sina pumzi, lakini nina furaha mtu asiniambie kitu.

Mwalimu Frida alinikaribisha nje ya darasa. Nikampa cha kwanza kwa mikono miwili. Alikitazama. Alikitazama muda mrefu. Nikangoja anikumbatie.

"Anakimbia," akasema.

"Nani?"

"Namnyaki. Anakimbia."

Nikasogea, nikatazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilitazama jalada lile kwa macho ya mtu na siyo ya msahihishaji. Msichana wa Kalisti alikuwa amepaa hewani, miguu yote miwili mizuri, imenyooka, imejaa nguvu, anamkimbiza mwizi. Kalisti alikuwa ameweka na vumbi dogo nyuma ya visigino. Hali ya msisimko.

Jamani, nilitamani ardhi ya Nkoaranga ipasuke. Nilitaka kusema ni mchoraji, ni kiwanda, ni simu ilikuwa inalia. Nikasema, "Ni mimi, Mwalimu. Nilisoma maandishi tu."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alifungua kitabu, akapitisha kidole kwenye ukurasa wa kwanza, jina lilikuwepo, mguu ulikuwepo. Akakifunga, akakuta anakimbia tena.

"Mlimwacha ndani," akasema. "Nje mkaona aibu."

"Navirudisha vyote. Nitamwomba Mzee tubadilishe jalada."

"Atakubali?"

Nilijua hatakubali. Jalada likishachapwa limechapwa. Toleo la pili ndilo lililokuja na fimbo, mmeliona maktaba ya ofisi, mkono wa kulia kama inavyotakiwa, na Kalisti alichora nikiwa nimesimama nyuma yake. Lakini siku ile toleo la pili lilikuwa ndoto. Nikainamia maboksi, na Mwalimu Frida akaelewa.

Darasani walikuwa wanasikia kila kitu. Madirisha yalikuwa hayana vioo. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akasema, "Ingia na maboksi yako." Akaniingiza mbele ya darasa. Watoto wakasimama, wakaniimbia shikamoo, wakakaa. Akagawa vitabu vyote, kila mmoja chake. Halafu akasimama katikati, ameegemea fimbo.

"Kitabu ndicho hiki. Mama huyu ametoka mjini kuwaletea, mshukuruni. Ila wamekosea picha."

Mvulana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, si ulisema hakimbii?"

"Hakimbii."

"Sasa hapa anakimbia nini?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, na Mwalimu Frida alikuwa karibu kulia, nilimwona. Akanitazama, halafu akawatazama wao.

"Haya, toeni penseli," akasema. "Mrekebisheni ninyi."

Nilishtuka. Miaka yote nilikuwa nimefundishwa kwamba kitabu kipya hakiguswi hata kwa kucha. Lakini vichwa vilishainama. Nikapita kati ya madawati, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani. Wengi walichora fimbo. Mmoja alichora fimbo ndefu ya kuchungia, akaongeza na ng'ombe wawili, nikamwuliza hao wametoka wapi, akasema Namnyaki hawezi kuwaacha nyumbani peke yao. Msichana mwingine alimwekea miwani kama ya kwake, imekatika upande mmoja. Kijana wa nyuma alimpaka Namnyaki wino na kumfanya mweusi kabisa, akaniambia kwamba rangi ile ya mwanzo ilikuwa ya watu wa kalenda. Wanacheka, wanaonyeshana, wananyang'anyana vifutio. Mwalimu Frida alikuwa akizunguka upande wa pili, na nilimsikia akicheka na yeye, mara ya kwanza siku ile.

Dawati la mbele kabisa, karibu na ubao, alikaa binti mwenye ualbino. Enzi zile tulikuwa na neno jingine la kumwita, sitaliandika. Kofia yake pana ya ukili alikuwa ameiweka miguuni. Alikuwa amekiinamia kitabu, pua inakaribia kugusa jalada, na mkononi alikuwa na wembe, ule nusu wembe wanaochongea penseli. Alikuwa anakwangua. Wino wa uso wa Namnyaki ulikuwa umetoka wote, taratibu, bila kulitoboa jalada, imebaki karatasi nyeupe, macho na mdomo ameviacha.

Miaka ya kazi ikanitoka mdomoni kabla sijafikiri.

"Mwanangu! Unakiharibu kitabu!"

Akainua uso, akakunja macho ili anione vizuri. Hakuogopa. Alikuwa na shughuli.

"Siharibu, mama," akasema. "Bado mikono."

Akainama tena. Jalada lilikuwa linateleza juu ya dawati. Nikachuchumaa kando yake na gauni langu la safari, nikamshikia pembe mbili, akaendelea.